Kwanini anavua helmeti? Kisa cha Prometheus na skripti yake

Mara ya kwanza kuiona Prometheus niliionea kibanda umiza, Mbagala, kiingilio shilingi mia tatu, benchi la mbao halina hata pa kuegemea, na muvi yenyewe ilikuwa ya kutafsiriwa, yani ile jamaa anaongea juu ya muvi anakusimulia kila kinachotokea na vingine visivyotokea. Nikatoka pale najua nimeona bonge la muvi. Miaka kadhaa baadae nikaipata orijino, haina mtafsiri, nikaweka hedifoni usiku watu wote wamelala nikasema leo nafaidi peke yangu. Aisee. Nilifika katikati nikasimamisha nikawa najiuliza hivi ni muvi ileile au wamenipiga? Mana wale watu niliowaona kule Mbagala walikuwa na akili zao timamu, hawa wa kwenye laptop wote mazuzu.

Ilinichukua muda kujua nini kimetokea. Yule mtafsiri alikuwa anaijaza skripti. Kila penye tundu anaweka kiraka, bure kabisa, kwa mdomo tu, na sisi tunakunywa tu bila kujua.

Sasa nataka niichambue hii muvi kwa upande huo mmoja, upande wa maandishi, kwasababu pande zingine zote kiukweli sina neno. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa stori ishia hapa, ila ni ya 2012 bana, muda umekuwepo.

Kwanza mjue hii sio muvi iliyotengenezwa kihuni. Dairekta ni Ridley Scott, mzee aliyetoa Alien mwaka 1979 na Blade Runner mwaka 1982, afu akakaa karibu miaka thelathini bila kugusa muvi za namna hiyo, kwahiyo aliposema narudi watu walipagawa. Bajeti ilikuwa dola milioni 120 na kitu. Kamera alishika Dariusz Wolski, walishuti 3D kwa kamera za RED, seti alisimamia Arthur Max, na yale mahandaki na vyumba vikubwa vingi vilijengwa kweli kule studio za Pinewood Uingereza, sio kwamba waigizaji walisimama mbele ya kitambaa cha kijani wakaambiwa jifanye umeona pango. Sini ya mwanzo walishutia Iceland kwenye maporomoko ya Dettifoss. Ilipotoka ikaingiza dola milioni 403 dunia nzima, ikapata na uteuzi wa Oscar upande wa picha za kutengenezwa.

Na ile sini ya mwanzo nataka niikalie kidogo. Jitu moja jeupe kama chaki, limejengeka misuli, limesimama juu kabisa ya maporomoko, chombo kikubwa kinaondoka juu yake kwenye mawingu kinamwacha. Linavua joho, linafungua kikombe kidogo, ndani kuna kitu cheusi kinatembeatembea kama kina uhai, linakunywa. Mishipa inaanza kuwa myeusi chini ya ngozi, mwili unavunjika vipandevipande, linaanguka majini, na kule chini vinasaba vyake vinakatika afu vinaanza kujiunga upya. Hakuna mtu aliyeongea neno hata moja, na umeelewa kila kitu, kwamba hapa mtu kajitoa mwili wake uanzishe uhai. Kibandani hata mtafsiri alinyamaza pale, na yule mtu hanyamazagi.

Kwahiyo picha ipo, sauti ipo, waigizaji wapo, Noomi Rapace, Charlize Theron, Idris Elba, Michael Fassbender. Ugonjwa unaanza watu wakishaanza kuongea na kutembea.

Stori kwa kifupi, wanasayansi wawili wapenzi, Shaw na Holloway, wamekuta michoro ya kale ya jamii mbalimbali ambazo hazikuwahi kukutana, yote inaonyesha jitu linaoneshea kidole nyota zilezile. Wakaamini ni mwaliko wa waliotuumba. Tajiri mmoja mzee sana, Weyland, akalipia safari, wakasafiri watu 17 mpaka kwenye kamwezi kanaitwa LV-223, mwaka 2093. Wamefika, wamekuta jengo kama kichuguu kikubwa, wameingia.

Haya, sini ya helmeti. Wapo ndani ya jengo la viumbe wasiowajua, kwenye sayari wasiyoijua, hawajamaliza hata saa moja. Vipimo vinasema hewa ya nje ni sumu ila humu ndani inavutika. Holloway anasema hewa nzuri hii, Shaw anamwambia acha ujinga, jamaa anavua helmeti. Halafu anatabasamu. Halafu na wenzie wakavua.

Kipimo chako kimekwambia kuna oksijeni, sawa, kimekwambia na vijidudu? Hata mtoto aliyepitia kipindi kile cha barakoa anajua swali hilo. Hawa ni watu wamechaguliwa dunia nzima!

Sasa sikia mtafsiri wa Mbagala alisema nini pale. Alisema, "Huyu bwana mtungi wa hewa wa mgongoni umeisha, sasa achague, afe na kofia au afe bila kofia." Kibanda kizima kimya. Mtu anavua taratibu, tumebana pumzi sisi, akavuta hewa, hajafa, watu wakapiga makofi. Ni picha ileile, uso uleule, tabasamu lilelile, na sekunde ni zilezile. Kilichoongezeka ni sentensi moja yenye sababu ndani yake, na ghafla Holloway sio zuzu tena, ni mtu kabanwa. Kwenye orijino hakuna mtungi ulioisha, hamna chochote, kavua kwasababu kajisikia.

Na kibaya zaidi ile helmeti haina faida yoyote kwenye stori yenyewe! Holloway baadae anaumwa, ndio, ila haumwi kwasababu ya hewa, anaumwa kwasababu roboti David kamtilia tone la kile kitu cheusi kwenye kinywaji. Kwahiyo ujinga ule hata haukuhitajika. Ungeuondoa muvi ingeenda vilevile. Wapo wanaosema walitaka tuone nyuso za waigizaji, lakini zile helmeti ni kama tungi la samaki, kioo pande zote na taa ndani, nyuso zinaonekana mpaka jasho.

Ukitaka kujua shida ilipo linganisha na Alien ya 1979, ambayo ni mzee huyohuyo. Kule nako watu wanafanya kosa kubwa lilelile, wanaingiza uchafu ndani ya chombo. Lakini angalia lilivyopangwa. Kwanza kwanini wanatua kwenye ile sayari? Kwasababu mkataba wao wa kazi unasema ukipokea ishara ya kiumbe mwenye akili lazima ukakague, usipokagua unapoteza malipo yako yote. Wale ni kama madereva wa malori bana, hawana habari na sayansi, wanataka bonasi, mafundi wao Parker na Brett tangu mwanzo wanalalamika mgao mdogo. Haya wameenda, mwenzao Kane kadakwa uso na dude la huko, wenzie wanarudi nae mlangoni, Ripley, afisa aliyebaki ndani, anagoma kufungua, anasema sheria ni masaa 24 ya karantini. Kapteni anamwamuru, anagoma tena. Anayefungua ni Ash, mwanasayansi wa chombo. Na sisi tunadhani Ash ana huruma, mpaka baadae sana tunakuja kujua kwamba alikuwa na agizo la siri la kampuni kilete kile kiumbe hata watu wote wakifa.

Umeona? Sheria imevunjwa, ila aliyeivunja alikuwa na sababu, na sababu ilifichwa, na ilipofunuliwa ikawa pigo la pili. Kosa moja limekulipa mara mbili. Na yote hayo hayakugharimu hela, ni mistari michache ya dayalogi iliyoandikwa na Dan O'Bannon halafu Walter Hill na David Giler wakapita juu yake wakaikaza. Jicho la dairekta ni lilelile, karatasi ndo tofauti.

Turudi LV-223. Kuna jamaa wawili, Fifield mtu wa miamba na Millburn mtu wa baiolojia. Fifield ndo mwenye vile vidude vya kuruka vinavyopiga ramani ya jengo zima, yeye mwenyewe kavirusha. Wanakuta maiti ya jitu, imekufa miaka 2,000 iliyopita. Miaka elfu mbili! Hawa wawili wanaogopa wanasema sisi tunarudi chomboni. Sawa, uoga ni haki ya mtu. Dhoruba inakuja, wengine wote wanakimbia kurudi, wanafika, wanahesabiana, walioondoka wa kwanza hawapo. Wamepotea. Mwenye ramani kapotea, na wana redio, na ramani inaonekana kule chomboni mbele ya kapteni.

Mbagala tuliambiwa "dhoruba imeua ramani, hawa sasa ni vipofu". Maneno saba. Mwandishi wa Hollywood hakuyaandika.

Usiku huo kapteni anawaambia kuna kitu kinasomeka ni hai upande fulani, wao wanaenda upande mwingine, hapo nikawapa maksi. Afu kapteni, Idris Elba huyo, kaacha usukani kaenda kulala na Theron, watu wake wawili wamekwama ndani ya kaburi la majitu na hakuna hata mlinzi mmoja kwenye redio. Mi nilicheka kwa sauti mpaka nikaamsha watu.

Ndo linakuja lile joka. Linatoka kwenye kimiminika cheusi, jeupe, linainua kichwa, linatanua shingo kama fira. Na Millburn, yuleyule aliyekimbia maiti ya miaka elfu mbili, anapiga magoti mbele yake anaanza kulibembeleza kama paka wa jirani, njoo mtoto njoo. Likamkamata mkono likauvunja, likaingia ndani ya suti. Kibandani watu walikuwa wanapiga kelele usiguse, usiguse, na mtafsiri akajiongeza hapo akasema huyu kwao ni fundi wa nyoka, nyoka wote anawajua, ila huyu hayupo kitabuni. Tukamsikitikia.

Lakini hapa lazima niwe mkweli, kwasababu mi mwenyewe nililaumu mwandishi kwa miaka kabla sijaona vile vipande vilivyokatwa, vilivyokuja kutoka kwenye diski. Kuna kipande Millburn anaonekana mapema anakuta kidudu kidogo cha minyoominyoo ndani ya lile jengo, anafurahi kama mtoto wa sikukuu, ni kiumbe hai wa kwanza wa nje ya dunia binadamu kukutana nae, na ni yeye kakiona. Ukikijua hicho kipande, sini ya joka inakuwa na mguu wa kusimamia, ni mtu ambae jana kashika kidogo hakikumng'ata, leo kaja kikubwa anajua ni jamaa zao. Walikiandika, wakakishuti, halafu wakakitupa kwenye editi. Kwahiyo ninaposema skripti namaanisha mpaka ile inayobaki baada ya mkasi, sio ile iliyopo kwenye droo ya mwandishi. Ukiwa na dakika mbili za kukata, unaweza kudhani unakata kitu cha kupunguza mwendo kumbe umekata sababu yenyewe ya mtu kufa.

Sasa nije kwenye sini bora kuliko zote na jinsi walivyoiharibu dakika mbili baada ya kuisha, hii ndo inaniumaga.

Shaw hazai. Holloway ana tone la kitu cheusi mwilini bila kujua, wamelala pamoja. Masaa kumi baadae David anamwambia una mimba ya miezi mitatu, na sio mtoto wa kawaida. Wanataka wamlaze usingizi wa barafu warudi nae duniani na hicho kitu tumboni. Anawapiga wawili anakimbia mpaka chumba cha kifahari cha Vickers, bosi wa safari, ndo huyo Theron, ambako kuna mashine inafanya upasuaji yenyewe. Anaiambia upasuaji wa kujifungua, mashine inamjibu imepangwa kwa mwili wa mwanaume tu. Hapo skripti ilifanya kazi, mana ilishaonyeshwa mapema kwamba mashine ni ya bei mbaya na ipo kwa Vickers, ukija kukuta imepangwa kwa mwanaume unajiuliza, kwani nani mwanaume inamsubiri humu? Inabidi adanganye mashine, achague kutoa kitu kigeni tumboni. Anajichoma sindano, anaingia, kioo kinafunga, kisu cha mwanga kinamkata akiwa macho, mkono wa chuma unavuta dude kama pweza linatapatapa juu ya uso wake, mashine inambana ngozi kwa pini kama unavyobana makaratasi, ta ta ta, anatoka anakimbia ameshika tumbo.

Niliona wanaume wazima wamefumba macho kwenye kibanda.

Halafu? Anaburuta miguu, nusu uchi, damu tupu, pini tumboni, anafungua mlango anakuta watu. Yule tajiri mzee kumbe yupo hai, alikuwa amefichwa chomboni, David anamuosha miguu. Jibu la mashine ya mwanaume ndo hilo, safi kabisa. Ila hakuna mtu anayemuuliza Shaw umetoka wapi. Hakuna. David tu ndo anatoa kaneno kama kumpongeza kwamba anajua kung'ang'ania uhai. Hakuna anayetumwa kwenda kuangalia kile chumba kina nini. Hata kile kipigo cha wale wawili hakitajwi tena. Na yeye mwenyewe hasemi, jamani kuna pweza kule analindwa na kioo tu! Anavaa suti anaondoka nao kwenda kumuona jitu.

Yani umemfanyia mtazamaji kitu atakachokikumbuka mpaka kaburini, afu dakika mbili baadae unamwambia kwamba watu wa humo ndani wao hawakijali. Kama wao hawajali mi nijali kwanini. Mtafsiri alihangaika sana hapo, mwishoni akasema, "Amewaambia, wamempa pole, ila mzee ndo mwenye hela, mzee akisema twende mnaenda." Na mi nasema hata hiyo ingetosha! Weyland aseme tu najua, nitakulipa, muda sina, nakufa. Ungeona ubinafsi wa tajiri kwa sentensi moja.

Mengine nayapitia haraka. Fifield anarudi amegeuka dubwana anaua watu kadhaa, anauliwa, hatajwi tena, kama aliingia kwenye muvi nyingine akatoka. Kapteni anajua ghafla kwamba lile jengo ni ghala la silaha, kajuaje Mungu anajua. Vijana wawili waendesha chombo wanakubali kufa pamoja na kapteni kwa utani mmoja, kama watu wanaokubali lifti mpaka Buguruni. Na Theron anakimbia mbele ya chombo kinachobingirika kama gurudumu, anakimbia hukohuko kinakoelekea, badala ya kusogea pembeni hatua kumi. Hiyo hata mtafsiri alishindwa, kibanda kizima tulikuwa tumesimama, "Kata kona mama! Kata konaaa!" Hakukata.

Sasa kinachonifanya niandike hiki chote ni David. Kwasababu angekuwa kila mtu ni mbovu ningesema basi mzee Scott kazeeka. Lakini kila sini ya David ni dhahabu. Muangalie mwanzoni, miaka miwili yupo macho peke yake, wenzie wamelala, anacheza mpira wa kikapu akiwa juu ya baiskeli, anajifunza lugha za kale, anaangalia Lawrence of Arabia afu anachana na kupaka nywele rangi afanane na yule steringi. Hujaambiwa chochote ila unajua huyu kitu chenye umbo la mtu kinataka kitu.

Afu ile sini ya meza ya pool. Holloway kalewa, kanuna kwasababu majitu yamekufa, alitaka ayaulize kwanini yalituumba. David anaingia na chupa. Wanaongea kidogo tu. David anamuuliza mbona nyie mlinitengeneza mimi, Holloway anasema kwasababu tuliweza. David anamwambia hebu fikiria ungekatika moyo kiasi gani na wewe ukiambiwa hivohivo na aliyekuumba. Jamaa anacheka, hasikii kitu. Halafu David anamuuliza upo tayari kufika wapi kupata majibu yako, jamaa anasema popote, chochote. Ndo David anagusisha kidole kwenye glasi.

Katoa ruhusa bila kujua. Kauliwa kwa jibu lake mwenyewe. Hiyo ni skripti ya hali ya juu bana, na ni watu walewale walioandika ile ya helmeti.

Tofauti nini? David ana bosi, ana agizo, ana kinyongo, na ana siri. Ukimuweka kwenye chumba chochote unajua anatafuta nini hata akikaa kimya, na Fassbender anayemuigiza ana kitu cha kuigiza. Wengine 16 hawana. Hao wanatembea kwasababu sini inayofuata inawahitaji wawe sehemu fulani. Millburn anatakiwa kufa saa hii, basi mpelekee joka. Fifield anatakiwa kubaki ndani, basi apotee. Ukishaona nyuzi hizo mara moja huwezi kuacha kuziona.

Nimeshawahi kushika ile maiki ya fimbo ndefu kwenye tamthilia moja ya hapa mjini, siitaji, na kule skripti ilikuwa inaandikwa usiku wa kuamkia shuti. Siku moja dada mmoja muigizaji akauliza kistaarabu tu, kaka hapa mimi natoka nje ya nyumba naenda wapi? Dairekta akamwambia toka tu dada yangu, gari ya kukodi inakusubiri inahesabu masaa. Dada akatoka. Ukiangalia ile episodi unamuona anatoka na uso wa mtu asiyejua anaenda wapi, kwasababu hajui. Nilidhani hayo ni mambo yetu sisi wa bajeti ndogo, kumbe na kule Pinewood gari lipo linahesabu masaa, ni kubwa zaidi tu.

Yalifikaje hapo? Skripti ya kwanza aliandika Jon Spaihts, ilikuwa inaungana moja kwa moja na Alien, rasimu kadhaa. Mwaka 2010 akaletwa Damon Lindelof, yule wa tamthilia ya Lost, aipitie upya, na mwelekeo ukawa ipunguzwe Alien iongezwe maswali makubwa, nani katuumba, kwanini anatuchukia. Na Scott ni mtu wa picha toka zamani, kasoma sanaa Royal College of Art, kapiga matangazo mengi kabla ya muvi, anachora sini zake kwa mkono kabla ya kushuti. Maoni yangu ni kwamba walipokuwa wanatoa majibu ili maswali yabaki, wakatoa na sababu ndogondogo za watu humohumo, mana kwenye karatasi vyote vinafanana, vyote ni maelezo.

Na watetezi wake nawajua, wanasema muvi imeachwa na maswali makusudi, wewe unataka kutafuniwa. Hapana bwana. Kwanini majitu yalitaka kutuua ni swali, nalala nalo vizuri tu, sitaki hata lijibiwe. Kwanini mwenye ramani kapotea hilo ni tundu. Swali linakufanya uongee njiani kuelekea nyumbani, tundu linakufanya uangalie saa ukiwa bado umekaa. Wengine wanasema hata watu wa kweli wanafanya ujinga. Wanafanya sana, ila kila mjinga ana sababu yake kichwani, mlevi ana yake, mwenye haraka ana yake, mwenye mapenzi ndo usiseme. Nionyeshe hiyo nitamfuata mpaka shimoni.

Nimalizie na sini moja ambayo inanirudiaga sana. Karibu na mwisho wanamwamsha jitu la mwisho lililo hai. Mzee Weyland kaletwa hapo akitetemeka, David anasogea anaongea na jitu kwa lugha ya kale, na kwenye skrini hawajaweka tafsiri yoyote chini. Mazungumzo yenyewe yalikuwa marefu zaidi wakayakata, kwenye muvi kilichobaki ni kasentensi. Jitu linamuangalia David, linamshika kichwa taratibu kama baba, linakichomoa, linampiga nacho yule mzee.

Ile lugha ilitengenezwa na mtaalamu wa lugha Anil Biltoo, ndo huyohuyo anayeonekana mwanzoni akimfundisha David kwenye skrini, na alikuja kueleza baadae kwamba David alisema mtu huyu yupo hapa kwasababu hataki kufa, anaamini unaweza kumuongezea uhai.

Jamaa wa Mbagala hakuwa na tafsiri yoyote pale, hakuna maandishi, hajui hiyo lugha, hakuna anayeijua. Akaangalia uso wa mzee, akaangalia David, akasema kwa sauti ya chini, "Anamwambia, mzee wangu huyu kaja kuomba aongezewe miaka."